Dohani Isiyopumua

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Tarehe imepangwa. Jumamosi, tarehe 25 Oktoba, wazee wa upande wa kijana Ntwali watakuja rasmi kumposa binti yangu Shekinah. Niliipokea simu nikiwa nimesimama, kama inavyostahili. Nilijibu kwa sentensi tatu zilizokamilika. Mke wangu Goretti anasema zilikuwa kumi na moja.

Tatizo ni mahali. Katika jumuiya yetu hapa Minnesota, tangu tulipoanza kuozana, mwenye nyumba ndiye msemaji. Wageni wakipokelewa kwangu, nitasema mimi. Wakipokelewa kwa shemeji yangu Bahizire, kaka mkubwa wa Goretti, atasema yeye. Na Bahizire amekwisha kuonyesha nia. Ana nyumba Burnsville yenye sebule mbili na moto wa gesi unaowashwa kwa rimoti. Jana baada ya ibada alitangaza mbele ya watu kwamba kwangu, mjini New Hope, mtu hula akiwa amevaa koti.

Uongo! Nusu uongo. Sebule yetu ina meko ya kale ukutani, yaliyoachwa na wenye nyumba waliotutangulia, na juu yake dohani ya matofali inayopanda hadi nje ya paa. Hatujawahi kuwasha moto humo. Dohani haina kazi yoyote isipokuwa kuteremsha baridi. Mwezi wa Januari ilizima mishumaa ya keki kabla ya mwenye siku yake kupuliza.

Goretti alielekea kuikubali Burnsville. Shekinah akasema, kwa sauti ndogo, kwamba angependa aposwe nyumbani. Basi nikasimama. Niliahidi kwamba katika muda wa majuma matatu sebule yangu itakuwa na joto linalowafaa wageni. Bahizire akasema vema, atakuja kukagua tarehe 18. Kukagua! Mimi, niliyefundisha sekondari miaka kumi na minne! Nilikubali kwa heshima.

Hotuba yangu iko tayari tangu Machi. Kurasa kumi na tisa bila salamu. Ntwali tulimfahamu Mei.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimetafuta ushauri wa kitaalamu. Jirani yangu Rodney ni mwashi mstaafu, amejenga na kubomoa dohani kwa miaka arobaini. Huniita Profesa. Sijamsahihisha.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Hakuitazama dohani. Aliteremka kwenye orofa ya chini ya ardhi, akachunguza mashine inayopasha nyumba joto na tangi la maji moto. Akasema kwamba iwapo hewa chafu ya vitu hivyo hupitia dohani, anayeiziba dohani huua familia yake usingizini. Nikakaa kwenye ngazi. Akanionyesha mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani hadi nje. Hayaigusi dohani. Nikasimama tena.

Kisha akatoa maagizo yake. Dohani ikwanguliwe masizi. Juu ivikwe kofia ya bati yenye pande wazi, mvua isiingie lakini hewa ipite. Chini, meko yafungwe kwa ubao, na katika ubao huo liachwe tundu lenye wavu, ukubwa wa kitabu cha sala. Alisema matofali hunywa maji mwaka mzima. Dohani isipopumua, huoza.

Nilimshukuru. Lakini nimelitafakari suala hili jioni nzima kwa utulivu. Mtu huziba kitu ili kiwe kimezibwa. Kuziba huku umeacha tundu ni kazi ya nusu. Isitoshe, kila Novemba namwona Rodney huyo huyo akibandika karatasi ya plastiki kwenye madirisha yake yote, kisha akiipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi inabana kama ngoma. Yeye anaziba! Mimi niache tundu!

Pengine ni mapenzi ya mzee kwa matofali. Nitamheshimu bila kumfuata.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kazi ya chini imekamilika. Nilisubiri Goretti aende mazoezi ya kwaya.

Nilihitaji cha kujazia: kitu laini, kikavu, kisicho na matumizi ya karibu. Chini ya ardhi tuna marobota saba ya nguo ambayo Goretti na akina mama wa kanisa wamekusanya kwa miaka miwili, wakingoja kontena la kwenda kwetu Bukavu lijae. Kontena halijai. Nilifungua marobota mawili. Makoti ya theluji! Mazito, yenye manyoya shingoni! Nani Bukavu atavaa koti la kuvukia ziwa lililoganda? Nilichukua uamuzi wa kiutawala.

Makoti ishirini na mawili yamepanda ndani ya dohani. Niliyasukuma kwa mpini wa fagio. Kisha ubao wa plaiwudi. Kisha povu la mkebe, lile linalotoka dogo na kukua. Lilikua. Lilikua juu ya ubao, juu ya fagio, juu ya mkono wa kushoto wa shati langu. Nililazimika kuukata mkono wa shati begani. Kipande hicho sasa ni sehemu ya nyumba. Nimekipaka rangi pamoja na ubao.

Goretti aliporudi aliuliza marobota mawili yako wapi. Nilimjibu kwamba yameanza safari. Alifurahi mno. Sikuona sababu ya kuongeza neno.

Jumatatu, 6 Oktoba

Jana kanisani akina mama walisimama kumshukuru Mungu kwa marobota mawili yaliyoondoka. Nilisimama nao.

Leo nimepanda juu ya paa. Ngazi ni ya Rodney. Nilimwambia ni ya kuondolea majani kwenye mifereji ya mvua. Kifuniko kilinisumbua hadi nilipokumbuka lile sufuria kubwa la jumuiya, linalopika wali wa watu mia, ambalo tunalihifadhi sisi. Kifuniko chake kimekaa juu ya dohani kana kwamba viliumbwa pamoja. Juu yake matofali manne. Kuzunguka, utepe wa gundi, mizunguko kumi na miwili.

Shekinah alitoka zamu hospitali, akanikuta huko juu. Akaniambia kwa Kiingereza nishuke mara moja. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba baba haamrishwi akiwa juu ya paa. Akarudia kwa Kiingereza. Sauti ile haikuhitaji mkalimani. Nilishuka.

Rodney alikuwa uani kwake na reki ya majani. Aliuliza mifereji iko katika hali gani. Nzuri sana, nikasema. Alikitazama kifuniko cha sufuria kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaendelea kukusanya majani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ushindi! Nje baridi ya kwanza imegandisha nyasi. Ndani nakaa kwa shati, lenye mikono yote miwili. Nilishika mshumaa mbele ya meko. Mwali ulisimama wima kama mwanafunzi mbele ya mkuu wa shule.

Nimempigia Bahizire kumjulisha, pasipo majivuno. Tuliongea dakika arobaini. Alisema jambo moja tu, kwamba yuko barabarani na hasikii vizuri. Kwa hiyo nilirudia tangu mwanzo.

Goretti anadai kuna harufu. Anaifananisha na kuku aliyenyeshewa. Ni rangi mpya, nimemwambia. Akasema rangi haijawahi kuwa na manyoya.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua siku mbili mfululizo. Leo asubuhi kuna doa ukutani, juu ya meko. Rangi ya chai ya maziwa. Ukubwa wa sahani. Nimelipaka rangi nyeupe na kuondoka kwenda kazini bohari bila wasiwasi.

Nimerudi. Doa limerudi pia, nalo limekua. Sasa lina umbo la Ziwa Kivu, pamoja na kisiwa cha Idjwi katikati. Goretti amelitambua kabla yangu. Alisimama mbele yake, akasema kwamba hata Goma inaonekana. Sikuipenda namna alivyosema.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kesho ni ukaguzi. Hali ilivyo: doa limevuka mipaka ya ziwa na kuingia Rwanda. Sehemu ya chini ina vidoa vyeusi, vidogo, vyenye vumbi la kuvu. Harufu haikanushiki tena.

Mpango una vipengele viwili. Kipengele cha kwanza: kitenge kikubwa cha Goretti, kile chenye tausi, kitundikwe ukutani kama pambo la utamaduni. Kipengele cha pili: sambaza. Nimenunua kilo mbili za samaki hawa wadogo, wakavu, kutoka kwa mama mmoja anayewapokea moja kwa moja kutoka ziwani. Nitawakaanga nusu saa kabla Bahizire hajafika. Hakuna harufu duniani inayosimama mbele ya sambaza.

Shekinah ameuliza kama kila kitu kiko sawa. Nimemwambia kiko zaidi ya sawa. Amenitazama mimi, halafu tausi. Ameenda kulala bila kula.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike kwa utulivu.

Bahizire alifika saa nane kamili, na kitu cha kupimia joto mfukoni. Alinunua kipimajoto! Alikiweka mezani, akakingoja. Kikasoma joto zuri. Akakigonga, kikasoma vile vile. Harufu ya sambaza ilimkumbusha mama yao, akala sahani mbili. Nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimeshinda. Lakini niliona inafaa kumweleza historia ya kitenge cha tausi, na nikamwalika akiguse aone ubora wa pamba.

Alikigusa. Aliutazama mkono wake. Akaukung'uta.

"Shemeji," akasema, "ukuta yako inatoka jasho."

Nilisema ni lipu mpya. Akafunua. Goretti akaletwa kuona. Vidoa vyeusi vilikuwa vimepanda hadi kwenye mkia wa tausi. Bahizire alicheka hadi akaomba maji. Alisema wazee wa Ntwali wakija hapa watarudi kwao na kikohozi badala ya mke. Halafu akaacha kucheka, akatangaza: "Bon. Burnsville." Goretti hakupinga.

Nilimkuta Shekinah chini ya ardhi, karibu na mashine ya kufulia, akikunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa. Nilianza kueleza. Alinikatiza. Akaongea Kiswahili, naye kwangu huongea Kiswahili mara chache sana. Alisema alizaliwa katika hema la kambi ya wakimbizi, akasoma katika chumba cha kupanga, akahitimu katika ukumbi wa kukodi. "Papa, mimi nilitaka siku moja tu, ukuta wetu. Hata kama ni mubaya."

Nilishika pembe za shuka upande wa pili, nikamsaidia kukunja. Inatokea mara chache, kwa hiyo nairekodi.

Nilipanda juu nikamwomba Bahizire muda hadi Alhamisi. Alikubali. Yeye ni mkarimu panapokuwa na mashahidi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemwendea Rodney. Sikutaka kuzua maswali. Nilimweleza kwamba ninaye rafiki, anaishi Cedar-Riverside, ambaye aliziba dohani yake juu na chini na sasa ukuta unatoa maji.

Rodney aliuliza kama ni kwenye yale maghorofa marefu karibu na chuo. Nikasema ndiyo. Akauliza ghorofa ya ngapi. Nikasema ya kumi na moja. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hajawahi kusikia dohani ya namna hiyo, na miaka arobaini yote ameikosa.

Kisha akaeleza, huku akimenya yai. Joto la ndani hupeleka mvuke kwenye matofali baridi. Mvuke hugeuka maji. Maji hayana pa kutokea, juu wala chini. Yanatafuta njia ukutani, yakibeba masizi ya miaka sitini. Nikauliza rafiki yangu afanye nini. Akasema rafiki yako afungue kesho saa tatu asubuhi, na aniletee ngazi yangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ndefu kuliko zote. Rodney alikata povu kwa msumeno. Alipofika kwenye mkono wa shati aliuchomoa, akauweka pembeni kwa uangalifu.

Nilitumaini Goretti angekuwa sokoni. Hakwenda. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, ubao ulipotoka. Koti la kwanza lilianguka lenyewe. Likapiga sakafu kama samaki mkubwa. La pili, Rodney alilivuta kwa kulabu. La tatu. La nne. Jeusi, zito, linatiririka. Goretti alikuwa akihesabu kwa sauti. Kwenye la tisa alilitambua koti la Mama Pasta. Kwenye la kumi na tano alikaa.

"Baba Shekinah," akasema, "na hii safari, imefika wapi?"

Nilianza kusema kwamba lugha ina upana wake. Aliinua mkono. Alisema amesimama kanisani, ameshukuru, ameimba. Alisema wale mama walipiga magoti. Kisha akatoa hukumu, akiwa ameketi, mbele ya Rodney asiyeelewa neno na aliyeelewa kila kitu. Ukuta ukikauka, posa itakuwa hapa hapa, kwa sababu mtoto ametaka. Lakini atakayesema ni Bahizire. Mimi nimekwisha kusema ya kutosha.

Kurasa kumi na tisa!

Rodney alikwangua masizi hadi saa nane. Alipanda paani, akateremsha kifuniko cha sufuria, akanikabidhi kama mtu anayerudisha kofia ya mgeni. Akafunga kofia ya bati yenye pande wazi. Chini akaweka ubao mpya wenye wavu. Aliniita, akashika kipande cha karatasi laini mbele ya wavu. Karatasi ikaelekea ukutani, taratibu, ikabaki hapo. Inapumua, akasema.

Ni lazima nikiri, lilikuwa jambo la kupendeza. Nilishika karatasi mwenyewe mara sita.

Alhamisi, 23 Oktoba

Harufu imekwisha. Ukuta ni mkavu ukiugusa. Doa limebaki. Rodney anasema matofali yatahitaji majira yote ya baridi kukauka kabisa, na kwamba kupaka rangi sasa ni kupoteza rangi. Bahizire alikuja, akanusa kama mtu wa forodha, akatia kiganja ukutani, akatafuta kosa. Alibaki na doa. Shekinah akamwambia mjomba wake, "Tonton, hilo doa nitakaa mbele yake." Bahizire akapitisha nyumba.

Sasa sehemu ambayo hakuna anayeijua. Nikiwa mapumzikoni bohari, Bahizire alinipigia simu. Sauti tamu. Alisema anajua uzito wa adhabu niliyopewa. Alisema mtu wa kipaji changu kunyamaza siku kama hiyo ni hasara kwa jumuiya nzima. Kisha pendekezo: nimwambie Goretti kwamba ukuta umeanza kutoa maji tena, sherehe ihamie Burnsville, na yeye, kwa hiari yake, ataniachia kusema. Kurasa zote. Anachotaka ni wazee waione tu ile sebule ya pili.

Nilitembea kati ya rafu za bohari kwa dakika kumi na tano. Niliusikia ufunguzi wangu. Niliusikia ukimya wa watu baada ya ukurasa wa saba. Kisha, bila kuitwa, likaja lile shuka lililokuwa likikunjwa mara ya pili.

Nilimpigia, nikasema hapana. Tutakuwa New Hope, na wewe utasema.

Sitaki mtu yeyote ajue ukubwa wa sadaka hii. Nimewaambia wanne tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wamekuja! Watu ishirini na sita, magari yamejaa hadi mlangoni kwa Rodney, naye akaalikwa, akaja amevaa tai. Wali ulipikwa katika sufuria la jumuiya, na kifuniko kilisuguliwa na Goretti mara tatu. Sijaombwa nikisugue. Sijaruhusiwa kukigusa.

Msemaji wao ni Mzee Sosthène, mjomba wa Ntwali. Mtu wa zamani, mtu wa kupimana naye! Alisimama, akasema walikuwa wakipita tu barabarani, wakaona ua juu ya ukuta wa nyumba hii, wakashindwa kuendelea na safari. Mwanzo mzuri. Mwanzo unaodai majibu. Hapo ndipo mwenyeji huuliza: ua gani? Sisi tuna mboga tu. Mliingia na kiatu kipi? Mgeni huzungushwa, hutoa jasho, huchekwa, hurudi na maneno mapya. Hiyo ndiyo heshima yenyewe ya posa. Nina kurasa sita juu ya kiatu peke yake.

Bahizire alisimama. Akasema, "Asante. Ua liko. Mutamupata." Akaketi.

Sekunde tisa! Mzee Sosthène alibaki amesimama, mdomo wazi, hotuba yote mkononi, hana wa kupambana naye. Upande wao wakatazamana. Mama yake Ntwali aliinamisha kichwa, na nilielewa kilichomwuma: binti anayetolewa haraka hivyo, wenyewe wamemchoka? Nilimtazama Goretti. Goretti alitazama dari. Nilimtazama Shekinah, amekaa mbele ya doa lake, ameshika pembe ya kitambaa kwa mikono miwili. Nilinyamaza. Na iandikwe: nilinyamaza. Lilikuwa zito kuliko makoti.

Mzee Sosthène akatafuta pa kushikilia. Macho yake yakashuka kwenye meko, yakauona wavu. Akageuka kwangu. Akasema kwa adabu ya mtu anayezama kwamba, naam, wao wamefika, na wameona pia ukuta una tundu, na angependa baba mwenye nyumba amweleze: tundu hilo ni la nini?

Sebule nzima ikamgeukia Goretti. Goretti alifumba macho. Kisha akasema, "Ameulizwa. Ajibu. Ya tundu tu."

Nilisimama.

Nilisema tundu ni la dohani. Nilisema nyumba hii ilikuwa na kitu kilichosimama miaka bila moto, na kwamba mtu asiye na busara, ambaye hayupo hapa, alikiziba juu na chini akidhani anailinda nyumba. Nilisema ukuta ulilia. Nikamwuliza Mzee Sosthène: je, kwenu mtoto wetu atawekewa tundu, au mtamziba? Akaruka! Akajibu kwamba kwao kuna madirisha manne. Nikasema dirisha hubandikwa plastiki. Akasema wao hawabandiki. Nikasema tutakuja kukagua. Watu walianza kupiga makofi. Akatoa jasho, akachekwa, akarudi na maneno mapya. Mama yake Ntwali aliinua kichwa. Shekinah alicheka hadi akajifuta machozi kwa kile kitambaa, na Ntwali akatangazwa kuwa mwenye madirisha.

Dakika hamsini na tano. Wali ulipoa. Bahizire alilala mara mbili. Rodney, ambaye hakuelewa neno lolote, alisimama mwishoni kupiga makofi, kwa kuwa nilikuwa nikinyooshea kidole yeye na wavu kwa zamu.

Posa imepokelewa. Nyumbani.

Jumapili, 26 Oktoba

Pongezi nyingi kanisani. Goretti amenisemesha tangu jana usiku, maneno ya kawaida tu, lakini yenye vitenzi. Amepanga makoti yafuliwe upya na mimi, yote ishirini na mawili, katika duka la kufulia. Nimekubali bila kujadili.

Mzee Sosthène amenipigia simu. Anataka nije kwenye mkutano wa jumuiya yao mwezi ujao, nizungumze na familia zinazonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Mada: nyumba na hewa. Nilimwuliza kama wanataka mtaalamu. Akasema ndiyo sababu amenipigia mimi. Nimekwisha kuandika kurasa nane. Rodney nitamtaja katika shukrani, kama msaidizi.

Katika kujiandaa, nimeikagua nyumba yangu chumba kwa chumba, nikagundua jambo ambalo wataalamu wote wamelipuuza. Darini bafuni kuna feni ndogo. Kila mtu akioga inazunguka, ikinyonya joto tunalolilipia na kulitupa nje, mchana kutwa, Minnesota yote ikipashwa moto na sisi! Nimeizima. Lakini hata ikizimwa, hewa inapita. Nimepima kwa karatasi.

Goretti yuko kwenye mazoezi ya kwaya hadi saa kumi. Mto mmoja wa kitandani, ukikunjwa mara mbili, unaingia kikamilifu.